Mikhail Tsvet

Mikhail Semyonovich Tsvet (kwa Kirusi: Михаил Семёнович Цвет, Asti, Italia, 14 Mei 1872 – Voronezh, Urusi, 26 Juni 1919) alikuwa mwanabotania wa Urusi anayekumbukwa hasa kama mwanzilishi wa kromatografia, yaani mbinu ya kutenganisha vitu vilivyochanganyika kwa kuvipitisha katika kitu kinachoshika kila kimojawapo kwa nguvu tofauti.

Tsvet alibuni mbinu hiyo ili kuchunguza rangi za majani. Siku hizi inatumika karibu katika kila maabara ya kemia: katika upimaji wa dawa, chakula, maji na damu, na pia katika kazi ya kuchimba mafuta ya petroli. Huko wataalamu huitumia kujua mafuta yanayotoka katika kisima kimoja yametoka kwenye tabaka lipi la mwamba, na kila tabaka limechangia kiasi gani.

Wakati wa uhai wake wanakemia wengi hawakuikubali kazi yake. Alifariki akiwa na umri wa miaka 47, na ilipita zaidi ya miaka 10 kabla mbinu yake haijaanza kutumiwa kwa upana.

## Utoto na elimu

Tsvet alizaliwa katika mji wa Asti, kaskazini mwa Italia. Baba yake, Semyon Tsvet, alikuwa mtumishi wa serikali ya Urusi. Mama yake alikuwa na asili ya Italia na alifariki muda mfupi baada ya kujifungua. Baba alirudi Urusi kwa ajili ya kazi, na mtoto akaachwa alelewe Uswisi, kwanza Lausanne halafu Geneva. Hivyo alikua katika mazingira ya lugha ya Kifaransa, mbali na nchi ambayo alikuwa raia wake.

Alisoma katika Chuo Kikuu cha Geneva na kupata shahada ya fizikia na hisabati mwaka 1893. Baadaye aliamua kuendelea na botania, na mwaka 1896 alipata udaktari kwa utafiti juu ya seli za mimea. Kuchanganya huku kwa fizikia na botania kulimsaidia sana baadaye: alipotazama jani alijiuliza pia ni nguvu gani za kimaumbile zinazoishikilia rangi ndani yake.

## Kuhamia Urusi

Mwaka huohuo wa 1896 Tsvet alihamia Urusi. Huko alikuta kwamba shahada yake ya Geneva haikutambuliwa kuwa sawa na shahada za Kirusi, na bila hizo hakuweza kupata nafasi ya kudumu ya kufundisha chuo kikuu. Ilimbidi aanze upya. Alifanya kazi katika maabara za Sankt Peterburg, akafundisha botania katika kozi za wanawake, na mwaka 1901 alipata shahada ya uzamili katika Chuo Kikuu cha Kazan.

Tasnifu yake ya Kazan ilihusu muundo wa chembe zenye klorofili, rangi ya kijani ya mimea. Katika utafiti huo alikutana na jambo lililowashangaza wengi. Klorofili iliyokwisha kutolewa katika jani huyeyuka kwa urahisi katika etha ya petroli, ambayo ni sehemu nyepesi ya mafuta ya petroli. Lakini jani likilowekwa katika etha hiyo peke yake, karotini ya rangi ya manjano hutoka huku klorofili ikibaki ndani. Ikiongezwa alkoholi kidogo tu, klorofili nayo hutoka.

Wengine walifikiri kwamba alkoholi inabadilisha klorofili. Tsvet alieleza kwamba klorofili haibadiliki: inashikwa juu ya nyuso za chembe ndani ya jani, na alkoholi kazi yake ni kuifungua. Ili kuthibitisha, aliloweka karatasi ya kuchujia katika myeyusho wa rangi za majani, akaacha ikauke, kisha akaiosha kwa viyeyushi vilevile. Karatasi ilitenda kama jani. Kwa hiyo nguvu ile haikuwa siri ya uhai. Ilikuwa nguvu ya kawaida iliyopo kati ya uso wa kitu kigumu na kitu kilichoyeyushwa. Na kama karotini na klorofili zinashikwa kwa nguvu tofauti, basi tofauti hiyo inaweza kutumiwa kuzitenganisha.

## Kazi huko Warszawa

Baada ya Kazan, Tsvet alipata kazi katika Chuo Kikuu cha Warszawa. Wakati ule Warszawa ilikuwa chini ya Dola la Urusi na chuo hicho kilifundisha kwa Kirusi. Alianza kama msaidizi wa maabara katika fiziolojia ya mimea, halafu akawa mhadhiri. Baadaye alifundisha pia katika taasisi ya tiba ya mifugo na katika chuo cha ufundi cha mji huohuo. Mwaka 1907 alimwoa Helena Trusiewicz.

Tarehe 21 Machi 1903 (8 Machi kwa kalenda ya zamani ya Urusi) alitoa mhadhara mbele ya chama cha wanasayansi wa elimu ya viumbe cha Warszawa. Alieleza namna mpya ya kutumia nguvu ya nyuso katika uchambuzi wa kibiokemia. Tarehe hiyo huhesabiwa na wengi kuwa mwanzo wa kromatografia.

### Mrija wa chaki

Chombo cha Tsvet kilikuwa rahisi. Alichukua mrija mwembamba wa kioo, akaujaza unga mkavu wa chaki (kabonati ya kalisi) na kuushindilia vizuri. Juu yake alimimina myeyusho wa rangi za majani. Rangi zote zilishikwa katika sehemu ya juu ya chaki. Kisha alimimina kiyeyushi safi, na kuendelea kukimimina polepole.

Kadiri kiyeyushi kilivyoshuka, rangi zilianza kuachana. Ile iliyoshikwa kwa nguvu ndogo ilishuka haraka, na ile iliyoshikwa sana ilibaki nyuma. Baada ya muda mrija ulionyesha pete za rangi zilizopangana, moja juu ya nyingine: za manjano, za kijani na za kijani yenye ubluu. Tsvet aliweza kuisukuma chaki nje ya mrija, kuikata pete kwa pete kwa kisu, na kuyeyusha kila rangi peke yake.

Kwa njia hiyo alionyesha kwamba klorofili ya majani si moja bali ziko mbili, zile zinazoitwa sasa klorofili a na klorofili b, na kwamba rangi za manjano zinazoandamana nazo ni kadhaa. Neno karotinoidi, linalotumiwa hadi leo kwa jamii ya rangi hizo, lilianzishwa naye. Alijaribu pia vitu vigumu zaidi ya 100 badala ya chaki ili kujua ni vipi vinavyofaa na ni vipi vinavyoharibu rangi.

### Jina la mbinu

Mwaka 1906 Tsvet alichapisha makala mbili katika jarida la chama cha botania cha Ujerumani. Humo alitumia neno kromatografia, linalotokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya rangi na kuandika. Jina lake mwenyewe, Tsvet, lina maana ya rangi kwa Kirusi, na wako wanaodhani kwamba alikusudia kuacha alama yake ndani ya neno hilo. Hata hivyo alieleza wazi kwamba mbinu yake ingefaa pia kwa vitu visivyo na rangi. Katika hilo aliona mbali, kwa kuwa sehemu kubwa ya kromatografia ya leo inahusu vitu visivyoonekana kwa macho.

Mwaka 1910 alitoa kitabu kikubwa kwa Kirusi juu ya rangi za mimea na wanyama, ambacho kilikuwa pia tasnifu yake ya udaktari wa Kirusi. Mwaka uliofuata Chuo cha Sayansi cha Urusi kilimtunuku zawadi kwa kitabu hicho.

## Suala la nani wa kwanza

Kabla ya Tsvet, mwishoni mwa karne ya 19, mwanakemia wa Marekani David Talbot Day alikuwa amepitisha mafuta ghafi katika udongo wa mfinyanzi wenye uwezo wa kushika rangi. Aliona kwamba mafuta yanayotokea upande wa pili si sawa na yaliyoingia: yalikuwa mepesi na meupe zaidi. Day alitaka kueleza kwa nini mafuta ya matabaka mbalimbali ya ardhi yanatofautiana, na alidhani kwamba mafuta huchujwa yanapopita katika miamba.

Kwa sababu hiyo baadhi ya waandishi wamemtaja Day kuwa mwanzilishi wa kromatografia. Wengi hawakubaliani nao. Day alipitisha mafuta mfululizo bila kuosha kwa kiyeyushi safi, kwa hiyo alipata mafungu yaliyotofautiana kidogo tu na ambayo bado yalikuwa michanganyiko. Tsvet ndiye aliyeongeza hatua ya kuosha, ambayo huachanisha kila kitu na mwenzake, na ndiye aliyeeleza kwa nini jambo hilo hutokea. Alijua alichokuwa akikifanya, na aliona kuwa ni mbinu ya jumla.

## Upinzani

Mbinu ya Tsvet haikupokewa vizuri. Yeye alikuwa mwanabotania, na makala zake zilichapishwa katika majarida ya botania ambayo wanakemia hawakuyasoma sana. Kitabu chake kikuu kilikuwa kwa Kirusi, lugha ambayo wanasayansi wachache wa Ulaya Magharibi waliielewa.

Sababu nyingine ilikuwa desturi ya kemia ya wakati ule. Mwanakemia alitakiwa atoe kitu safi katika umbo la fuwele, kwa kiasi cha kutosha kupimwa kwenye mizani. Pete nyembamba ya rangi ndani ya chaki haikuonekana kuwa ushahidi. Leon Marchlewski, mwanakemia wa Kraków aliyekuwa mtaalamu wa klorofili, alimpinga vikali na kuona kwamba mchujo tu hauwezi kutatua suala la kemia. Tsvet alimjibu kwa ukali uleule.

Mtaalamu mkubwa zaidi wa klorofili alikuwa Mjerumani Richard Willstätter, aliyepata Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1915. Yeye na wenzake walijaribu kutumia nguvu ya nyuso, lakini hawakupata matokeo mazuri na waliona kwamba rangi hubadilika ndani ya mrija. Tsvet alikuwa ameshaonya kwamba kitu kigumu kikichaguliwa vibaya rangi huharibika, na ndiyo maana alijaribu vitu vingi hivyo. Lakini sauti ya Willstätter ilikuwa na uzito mkubwa zaidi. Wachache tu waliendelea na mrija wa Tsvet, miongoni mwao Charles Dhéré huko Uswisi na Leroy Palmer huko Marekani.

## Vita na kifo

Mwaka 1915, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, jeshi la Ujerumani liliteka Warszawa. Vyuo vya Kirusi vilihamishwa, na Tsvet alipoteza maabara yake na sehemu kubwa ya vifaa vyake. Alikwenda Moscow pamoja na chuo cha ufundi, halafu Nizhny Novgorod.

Mwaka 1917 hatimaye alipata cheo alichokuwa amekitafuta kwa miaka 20: profesa wa botania na mkurugenzi wa bustani ya mimea katika chuo kikuu cha Yuryev, mji unaoitwa leo Tartu, nchini Estonia. Hakukaa muda mrefu. Mwaka 1918 Wajerumani waliteka mji huo pia, na chuo cha Kirusi kikahamishiwa Voronezh, kusini mwa Urusi.

Mwaka huohuo wa 1918 Cornelis van Wisselingh, mwanabotania wa Groningen, Uholanzi, alimpendekeza Tsvet kwa Tuzo ya Nobel ya kemia. Hakuipata, tuzo ya mwaka huo ilikwenda kwa Fritz Haber. Tsvet, ambaye afya yake ilikuwa imedhoofika kwa muda, alifariki huko Voronezh tarehe 26 Juni 1919, katikati ya vita vya wenyewe kwa wenyewe nchini Urusi.

## Kutambuliwa baada ya kifo

Mwaka 1931 Edgar Lederer, mwanakemia kijana aliyefanya kazi huko Heidelberg pamoja na Richard Kuhn na Alfred Winterstein, alitaka kutenganisha karotinoidi zinazofanana sana. Alikuta habari za mrija wa Tsvet katika kitabu cha Palmer. Kuhn alikuwa na tafsiri ya Kijerumani ya kitabu cha Tsvet cha mwaka 1910, ambayo haikuwahi kuchapishwa. Tafsiri hiyo ilikuwa imetengenezwa kwa ajili ya Willstätter, aliyekuwa mwalimu wa Kuhn.

Lederer alijaza mrija na kupata alichokitaka. Karotini iliyodhaniwa kuwa kitu kimoja ilionekana kuwa na aina zaidi ya moja. Katika miaka michache mbinu hiyo ilienea Ulaya nzima. Paul Karrer na Kuhn walipata Tuzo za Nobel za kemia za miaka 1937 na 1938 kwa kazi zilizohusu karotinoidi na vitamini, nyanja ambayo mrija wa Tsvet ulikuwa umeshakuwa chombo chake cha kawaida.

Mwaka 1941 Archer Martin na Richard Synge wa Uingereza walibuni aina mpya ya kromatografia inayotumia kimiminika kilichoshikwa juu ya kitu kigumu, na walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1952. Mwaka huohuo Martin na Anthony James walichapisha kromatografia ya gesi, ambamo mchanganyiko hugeuzwa kuwa mvuke na kusukumwa na gesi ndani ya mrija. Mnamo 1957 Marcel Golay alionyesha faida ya kutumia mrija mrefu na mwembamba mno, usiojazwa kitu, ambao ukuta wake wa ndani umepakwa utando wa kimiminika. Kwa mrija wa namna hiyo mamia ya vitu vinaweza kutenganishwa katika sampuli moja. Kampuni za mafuta zilikuwa miongoni mwa watumiaji wa kwanza wa mbinu hii.

## Rangi za majani ndani ya mafuta ya petroli

Tsvet hakuwahi kufanya utafiti juu ya mafuta ya petroli. Kwake etha ya petroli ilikuwa kiyeyushi tu. Lakini vitu alivyovitenganisha vina uhusiano wa karibu na mafuta.

Mwaka 1934 mwanakemia Mjerumani Alfred Treibs aligundua ndani ya mafuta ghafi na miamba yake kampaundi ziitwazo porfirini, zenye umbo linalofanana na kiini cha molekuli ya klorofili. Katika klorofili hai kiini hicho hushika magnesi; katika mafuta nafasi yake huchukuliwa na metali nyingine, hasa vanadi na nikeli. Huo ulikuwa ushahidi mzito kwamba mafuta ya petroli yalitokana na viumbe hai, hasa viumbe vidogo vilivyotumia mwanga wa jua, vilivyozikwa katika matope ya bahari na maziwa.

Mkia wa molekuli ya klorofili nao umeacha alama. Kutokana nao hupatikana hidrokaboni mbili, pristani na faitani, ambazo huonekana wazi mafuta ghafi yanapochambuliwa kwa kromatografia ya gesi. Karotini ya majani na mwani inaweza pia kubaki, ikiwa imebadilika, katika mafuta yaliyotokana na matope ya baadhi ya maziwa ya kale. Kwa hiyo mbinu iliyobuniwa kwa ajili ya majani mabichi hutumika leo kusoma mabaki ya rangi zilezile baada ya mamilioni ya miaka.

## Matumizi: mafuta ya matabaka mbalimbali

### Tatizo

Kisima kimoja cha mafuta mara nyingi hupita katika matabaka kadhaa ya mwamba yenye mafuta, yaliyotengwa na matabaka ya mwamba usiopitisha kitu. Ili kupunguza gharama, wachimbaji huweza kufungua matabaka mawili au zaidi kwa pamoja, na mafuta yote hupanda katika bomba moja. Juu ya ardhi hupimwa jumla tu.

Hata hivyo kuna haja ya kujua mchango wa kila tabaka. Tabaka moja linaweza kuwa limekwisha kudhoofika huku jingine likifanya kazi yote. Tabaka lenye shinikizo kubwa linaweza kusukuma mafuta yake ndani ya tabaka lenye shinikizo dogo badala ya kuyapandisha juu, na mafuta hayo yasipatikane kwa urahisi tena. Mahali ambapo matabaka yana wamiliki au viwango tofauti vya mrabaha, hesabu ya mapato yenyewe hutegemea mgawanyo huo. Hesabu ikikosewa, mmoja hulipwa mali ya mwingine.

Njia ya kawaida ya kupata jibu ni kushusha vyombo vya kupimia mtiririko ndani ya kisima. Kazi hiyo ina gharama kubwa, inaweza kuvuruga uzalishaji, na katika visima vingine haiwezekani kabisa.

### Namna kemia inavyosaidia

Mafuta ghafi ni mchanganyiko wa maelfu ya kampaundi. Hata mafuta yaliyotokana na chanzo kimoja hutofautiana kidogo toka tabaka hadi tabaka, kwa sababu matabaka yalijazwa kwa nyakati tofauti, yalipata joto tofauti, au bakteria waliyala kwa viwango tofauti. Kama mwamba wa katikati haupitishi kitu, tofauti hizo hubaki.

Kromatografia ya gesi huyaonyesha mafuta kama mstari wenye vilele vingi, kila kilele kikiwa kampaundi moja au zaidi. Vilele vikubwa kwa kawaida ni vya hidrokaboni zenye mnyororo ulionyooka. Wataalamu wa kazi hii hutazama zaidi vilele vidogo vilivyo katikati yao, yaani vya hidrokaboni zenye matawi na zenye umbo la pete. Hulinganisha urefu wa kilele na wa jirani yake. Kwa kuwa vitu viwili vilivyo jirani huvukizwa karibu sawasawa, uwiano wao haubadiliki sana hata kama sampuli imepoteza sehemu yake nyepesi au imeingizwa kwa kiasi tofauti. Uwiano kadhaa ukichorwa pamoja katika mchoro wenye umbo la nyota, kila tabaka hupata sura yake, kama alama za vidole.

Hatua za kazi ni hizi:

1. Hupatikana sampuli ya mafuta ya kila tabaka peke yake, kwa kawaida wakati kisima kinapojaribiwa tabaka moja baada ya jingine.
2. Sampuli hizo huchambuliwa katika mashine moja na kwa masharti yaleyale, na huchaguliwa vilele vinavyotofautisha matabaka.
3. Katika maabara sampuli huchanganywa kwa viwango vinavyojulikana, ili kuona uwiano wa vilele unavyobadilika mchango wa kila tabaka unapobadilika.
4. Mafuta yaliyochanganyika yanayotoka kisimani huchambuliwa kwa njia ileile na kulinganishwa na michanganyiko ya maabara.

Kanuni ya hesabu ni nyepesi. Tuseme kampaundi fulani ina vipimo 10 katika mafuta ya tabaka la juu na vipimo 20 katika mafuta ya tabaka la chini. Mafuta yaliyochanganyika yakionyesha vipimo 14, basi asilimia 60 yametoka tabaka la juu na asilimia 40 tabaka la chini. Kwa matabaka mengi zaidi hutumiwa kampaundi nyingi kwa pamoja, na hesabu hufanywa kwa kompyuta.

Mwaka 1990 R. L. Kaufman na wenzake walichapisha kazi juu ya matumizi ya kromatografia ya gesi kutambua mafuta ya hifadhi mbalimbali katika Ghuba ya Meksiko, na kazi hiyo hutajwa mara nyingi katika nyanja hii. Mbinu hiyohiyo hutumika kujua kama visima viwili vinachota katika hifadhi moja, au kama bomba la kisima limetoboka na kuruhusu mafuta ya tabaka lisilokusudiwa kuingia. Faida yake kubwa ni kwamba inahitaji chupa ndogo ya mafuta kutoka juu ya ardhi, na inaweza kurudiwa mara kwa mara bila kusimamisha kisima.

### Mipaka yake

Mbinu hii haifai mahali ambapo mafuta ya matabaka yanafanana kabisa. Idadi ya matabaka ikiongezeka, makosa ya hesabu huongezeka pia. Kama sampuli ya kila tabaka haikuchukuliwa mapema, hakuna cha kulinganisha nacho baadaye. Mafuta yaliyotumiwa katika tope la kuchimbia yanaweza kuchafua sampuli, na mafuta ya tabaka lenyewe yanaweza kubadilika kadiri miaka ya uzalishaji inavyopita. Ndiyo maana matokeo ya kemia hulinganishwa na vipimo vya shinikizo na vya mtiririko. Tena hueleza mafuta tu: maji na gesi vinavyopanda pamoja nayo huhitaji uchambuzi wao.

## Urithi

Tsvet hakuacha shule ya wanafunzi wa kuendeleza kazi yake, na maabara yake ya Warszawa ilipotea katika vita. Kilichobaki ni makala zake, kitabu chake na maelezo ya mrija wa chaki ambayo mtu yeyote mwenye kioo, unga na kiyeyushi aliweza kuyafuata. Hayo yalitosha kwa Lederer kuanza upya mwaka 1931.

Vifaa vimebadilika sana tangu wakati wake. Chaki imeondoka, gesi imechukua nafasi ya kiyeyushi katika kazi nyingi, na jicho la mtafiti limebadilishwa na vigunduzi vya umeme. Lakini kanuni ni ileile aliyoieleza mwaka 1903: vitu vilivyochanganyika hupewa njia moja ya kupita, kila kimoja hushikwa kwa kadiri yake, na mwishoni hufika kwa nyakati tofauti. Jina alilolichagua mwaka 1906 ndilo linalotumiwa hadi leo, hata pale ambapo hakuna rangi yoyote ya kuonekana.